Mtoto aliyefiwa haongei, na darasa lina watoto 112: je, kufundisha nje kunasaidia?

Swali: "Ninafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali wilayani Magu. Nina watoto 112 kwenye chumba kimoja cha bati lisilo na dari. Ikifika saa tano wengi wanasinzia, wengine wanapigana ovyo, na wachache ni kama hawapo kabisa. Mmoja alifiwa na mama yake miezi minne iliyopita, anaishi na bibi yake, na tangu hapo haongei darasani. Kwenye semina tuliambiwa kufundisha nje kunawajenga watoto kiakili na kuwapunguzia msongo. Nilijaribu mara moja chini ya mwembe, ikawa vurugu tupu. Mzazi mmoja akaja kulalamika kwamba mwanawe anakuja shule kucheza, na mwalimu mkuu ananikumbusha kila siku kuhusu upimaji wa darasa la nne mwakani. Nina pia mtoto mwenye ualbino, ambaye siku ile nilimwacha ndani. Je, jambo hili lina ukweli kwa shule kama yangu, au ni la shule zenye pesa? Na huyu aliyefiwa nimsaidieje?"

Mwalimu, umeuliza maswali mawili na kila moja lina jibu lake. Kufundisha nje kunaweza kulisaidia darasa lako zima, hata likiwa na watoto 112. Hakuwezi kumponya mtoto aliyefiwa. Ukiyachanganya hayo mawili utampeleka yule mtoto chini ya mwembe, utangoja aongee, na asipoongea utadhani umeshindwa, kumbe ulikuwa umeshika dawa isiyo ya ugonjwa wake. Nianze na darasa, kisha nitamrudia yeye kwa nafasi anayostahili.

Ninachokisoma kwenye maelezo yako si utovu wa nidhamu wala uvivu. Bati lisilo na dari likishapigwa na jua tangu asubuhi, ikifika saa tano chumba kinakuwa na joto kuliko kivulini nje, na hewa yake imeshapumuliwa na watoto 112. Mwili wa mtoto unajipoza kwa jasho, unapoteza maji, na aliyekuja shule bila kunywa kitu anaanza kuumwa kichwa. Juu ya hapo kuna kelele. Mtoto wa dawati la nyuma anatumia nguvu nyingi kuchuja sauti yako kutoka kwenye minong'ono ya wenzake, na nguvu hizo ndizo zilizotakiwa kufanya hesabu.

Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza jambo hili vizuri mwaka 1989. Walisema umakini ni wa aina mbili. Upo wa kujilazimisha, ule unaomfanya mtoto atazame ubao huku akizuia mawazo mengine, na huo huchoka. Upo unaokuja wenyewe, kama mtu anapotazama majani yakipeperuka au mdudu akitembea, na huo hauchoshi. Ule wa kwanza hupata nafuu pale wa pili unapopewa nafasi. Kwa hiyo mtoto anayepigana saa tano mara nyingi ni mtoto aliyeishiwa uwezo wa kujizuia. Kumkaripia ni kudai matumizi zaidi ya kile ambacho hana tena.

Halafu kuna msongo wenyewe. Mwili ukihisi hatari, iwe fimbo, njaa, au ugomvi wa nyumbani alioulalia, hutoa homoni ya kortisoli na kukaa macho. Hali hiyo ni nzuri kwa kukimbia, ni mbaya kwa kujifunza kutoa kwa kukopa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga na kukumbuka hatua, hufanya kazi vibaya mwili ukiwa katika hali hiyo. Kutembea, kupumua hewa safi na kufanya kazi ya mikono pamoja na wenzake humsaidia mtoto kushuka kutoka kwenye hofu hiyo. Hapo ndipo penye ukweli wa yale mliyoambiwa semina.

Lakini nikuambie na upande wa pili, maana semina nyingi huuacha. Tafiti nyingi za faida za miti na majani kwa akili za watoto zimefanywa mijini, Ulaya, Marekani na Asia, kwa watoto wanaoshinda ndani. Mfano mzuri ni wa macho. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, asilimia 30.4 yao walikuwa na tatizo la kutoona mbali, ilhali kwa wenzao ambao hawakuongezewa ilikuwa asilimia 39.5. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015, na ni ya kuaminika. Ila mtoto wako wa Magu anayechunga mbuzi Jumamosi na kuchota maji kila jioni hakosi mwanga wa jua. Mtu akikuambia watoto wako wanahitaji "kuonja mazingira", ana haki ya kuulizwa anawajua watoto gani.

Wanachokosa ni kitu kingine, nami naona hapa ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Wanakosa nje ambako mtu mzima anawauliza wameona nini. Katika shule zetu nyingi, mtoto akiambiwa atoke nje saa za vipindi, ni kufyeka, kuokota takataka, kuchota maji ya walimu au kupiga magoti juani. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa liwe sehemu ya masomo: mtoto apande, apime, alinganishe, ajue kwa nini mavuno ya tuta hili yamezidi ya lile. Shule nyingi zilibaki na jembe, zikaacha maswali. Kwa hiyo siku ulipowatoa chini ya mwembe bila kuwapa kazi ya kichwa, watoto walifanya kile walichojua. Kwao nje kulikuwa na maana mbili tu, adhabu au mapumziko, na kwa kuwa hukuwa umeshika fimbo, wakachukua ni mapumziko. Vurugu ile haikuwa ushahidi kwamba wewe huwezi.

Somo la nje linahitaji kufungwa kwa kamba fupi kuliko la ndani. Katika kipindi cha dakika 40, tumia kama 10 za mwanzo ndani kueleza kazi, 20 nje, na zinazobaki kuandika. Watoto watoke wakiwa tayari wanajua wanatafuta nini, wako na nani, na mpaka uko wapi. Mpaka uchorwe kwa chokaa au majivu, usielezwe kwa mdomo. Ishara ya kurudi iwe moja, filimbi au makofi ya mdundo mnaoujua, na muifanyie mazoezi siku kadhaa bila somo lolote, kutoka na kurudi tu, hadi wazoee. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuona inapoteza muda, na ndiyo inayookoa yote.

Watoto 112 usiwatoe kwa mkupuo mwanzoni. Kama kuna mwalimu wa darasa jirani mnayeelewana, mmoja abaki na nusu wanaoandika, mwingine atoke na nusu, kisha mbadilishane. Vikundi viwe vya watoto saba au wanane, kila mtoto na kazi yenye jina: mpimaji, mwandishi, mshika kamba, msemaji. Unapoongea nao nje, wewe ndiye utazame jua, wao walipe kisogo, na usimame upande upepo unakotoka ili sauti yako iende kwao. Ukigeuza hayo, utapaza sauti mpaka ikauke na hakuna atakayekusikia.

Nikupe somo moja ambalo naamini linafaa hapo ulipo. Mnao mlingoti wa bendera. Kikundi kimoja kitoke saa mbili asubuhi, kipime kivuli chake kwa kamba yenye alama za mita na nusu mita, kiweke kijiti kwenye ncha, kirudi. Kikundi kingine saa nne. Kingine saa sita kamili, na cha mwisho saa sita na dakika 45. Kila zamu haizidi dakika tano, hakuna anayeungua na jua. Kisha namba zote ziandikwe ubaoni, na Hisabati ya siku inayofuata itoke hapo: kivuli kimepungua kwa mita ngapi? Watoto wengi wataapa kwamba kivuli kifupi kabisa ni cha saa sita kamili. Wataona kimeendelea kufupika baada ya hapo, kwa sababu saa zetu Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki na Magu iko karibu na nyuzi 33. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo jua linawafikia ninyi kama dakika 45 nyuma. Darasa la tatu hawatashika habari ya longitudo, wala huna haja ya kuwafundisha. Watashika kwamba walipima wenyewe na wakagundua jambo ambalo hata baba hajui. Mrudie zoezi hilo Juni na tena Novemba, watakuta kivuli cha mchana kimehama kutoka upande wa kusini wa mlingoti kwenda kaskazini.

Mtoto anayepeleka nyumbani kitu cha namna hiyo anarudi kesho na kichwa kimeinuka. Huo ndio ustawi ninaouzungumzia.

Na lugha pia. Wengi wa watoto wako wanafikiri kwa Kisukuma, na ukimya wa wengine ni Kiswahili tu kinachowakwaza. Mkiwa nje waruhusu waite mti kwa jina la nyumbani kwanza, kisha jina la Kiswahili liandikwe pembeni yake. Kama kijijini kuna mzee mwenye ngitili, yale malisho ya akiba ambayo mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uliyafufua kuanzia 1986, mwalike aje aeleze kwa nini majani ya sehemu ile hayaliwi hadi kiangazi. Mtoto akiona mwalimu anamsikiliza mzee wa kwao kwa heshima, anajifunza pia kwamba kwao kunastahili heshima.

Kuhusu mwalimu mkuu na yule mzazi, usibishane nao kwa nadharia. Somo la nje liwepo kwenye azimio la kazi na andalio la somo, likitaja umahiri ule ule uliomo kwenye muhtasari. Hapo hata mthibiti ubora wa shule akifika ana cha kusoma. Na daftari lizungumze: kila mkitoka, kila mtoto arudi na mistari mitatu, mchoro na tarehe. Mzazi aliyelalamika mwite, mfungulie daftari la mwanawe, mwambie mtoto amsomee. Wasiwasi wa mwalimu mkuu una msingi, maana matokeo yanaangaliwa na yeye ndiye anayeulizwa. Muombe muhula mmoja, masomo mawili kwa wiki, na ulinganishe majaribio ya mada ulizofundisha nje na zile za ndani. Yakishuka, punguza. Mimi nisingekushauri uende zaidi ya mara mbili au tatu kwa wiki ukiwa peke yako na darasa la ukubwa huo; utachoka, na mwalimu aliyechoka hafai nje wala ndani.

Mtoto mwenye ualbino asibaki ndani peke yake. Najua ulimwacha kwa nia ya kumlinda, lakini yeye alichoona ni wenzake wakitoka. Panga masomo ya nje asubuhi, kivulini, avae mikono mirefu na kofia pana inayofunika shingo na masikio. Kivuli cha mwembe kina mianya, kwa hiyo akae karibu na shina. Macho yake pia huumia kwa mwanga mkali na hayaoni mbali vizuri, hivyo mpe kazi ya karibu kama kuandika vipimo, na umsomee kilicho mbali. Ulizia kliniki ya ngozi hospitalini kuhusu mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Na kwa historia chungu ya Kanda ya Ziwa ya kushambuliwa kwa watu wenye ualbino, asitumwe peke yake ukingoni mwa uwanja wala njiani, hata kwa dakika moja.

Hatari nyingine unazijua, nitazipitia haraka. Kagua mti kabla watoto hawajafika: nyuki, mavu, siafu, matawi makavu. Ukisikia ngurumo, wote waingie ndani ya jengo mara moja, kamwe msikimbilie chini ya mti, na msitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ukanda wa ziwa una radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Somo la maji lisiwapeleke watoto kuingia ziwani wala kwenye mabwawa, kwa sababu ya kichocho. Ndoo ya maji ya kunywa iwepo.

Na anayesinzia kila siku saa nne, hata mkiwa kivulini, usimpigie filimbi ili aamke. Muulize alikula nini, na lini. Njaa, malaria, minyoo na upungufu wa damu vyote husinzisha, na hakuna somo la nje linaloviondoa. Shule zilizofanikiwa kupata uji wa saa nne kwa mahindi ya wazazi kupitia kamati ya shule zimefanya zaidi kwa akili za watoto kuliko ushauri wangu wote huu. Ukilazimika kuchagua pa kuweka nguvu zako kwanza, weka kwenye uji.

Sasa mwanao aliyefiwa.

Watoto wa umri wa miaka minane au tisa hawaombolezi kama sisi. Huingia kwenye majonzi na kutoka. Utamwona anacheka kwenye mdako, dakika kumi baadaye ameganda. Watu wazima wakimwona anacheka husema amesahau. Hajasahau. Wengine hukaa kimya kwa sababu waligundua kwamba wakimtaja mama, bibi analia, nao hawataki kumliza bibi. Na wapo wanaoamini kimoyomoyo kwamba wao ndio waliosababisha, kwa kuwa siku ile walikataa kutumwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kwenda kumwona bibi. Muulize kwa upole: mtoto anaongea nyumbani? Anakula? Analala? Aliambiwa nini kuhusu kifo? Mara nyingi mtoto ameambiwa mama amesafiri au amelala, na anaishi akimngoja, au anaogopa kulala. Mwombe bibi atumie neno lenyewe, kwamba mama amefariki, hatarudi, na si kosa la mtoto. Anaweza kusema hivyo akilia. Hakuna ubaya mtoto kuona machozi ya mtu anayempenda.

Shuleni usimlazimishe kuongea mbele ya wenzake, na usimpe alama mbaya kwa kutojibu. Mruhusu ajibu kwa kuandika, kwa kuonyesha, au kumnong'oneza jirani yake. Hapa ndipo nje kunaweza kusaidia kidogo. Mtoto mwenye jambo zito huongea kwa urahisi akiwa ubavuni mwa mtu, mikono ikiwa na kazi, kuliko akitazamwa usoni. Mpe jukumu la kudumu, kama kumwagilia miche kila asubuhi pamoja nawe au mwenzake mmoja mpole. Mwambie mara moja tu, "Najua mama yako amefariki, nami nimeumia. Ukitaka kunisimulia habari zake, nitakusikiliza, hata kama ni kesho au mwezi ujao." Kisha nyamaza, mmwagilie. Siku akisema neno moja kuhusu mche, zungumza habari za mche. Usilirukie neno hilo ukaanza kumuuliza ya mama.

Bibi akikuambia anaongea vizuri nyumbani na kimya ni cha shuleni tu, endelea hivyo kwa wiki chache huku ukimhusisha mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Apimwe na masikio pia. Usaha wa masikio usiotibiwa umewafanya watoto wengi waonekane wazito.

Lakini kama haongei hata nyumbani, anakonda, ameanza kukojoa kitandani upya, anaota ndoto za kutisha kila usiku, au miezi inazidi kwenda na yuko vile vile, asingoje zaidi. Mpeleke pamoja na bibi kituo cha afya, waombe rufaa. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kuna idara ya afya ya akili. Akisema au akichora kwamba anataka kumfuata mama, au akijiumiza, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Ukiona makovu yasiyo na maelezo, au anaogopa kurudi nyumbani, usianze kwa kwenda kuhoji nyumba hiyo. Mjulishe mwalimu mkuu na Afisa Ustawi wa Jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na hata wewe mwalimu unaweza kuipiga kuomba ushauri kabla hujajua la kufanya.

Anza na bibi wiki hii. Mlingoti unaweza kusubiri Jumatatu.